Taa Iliyonywea: Namna ya Kuipima Taharuki ya Ndoa

Mkazi wa Koni, kando ya mto Lufira, ambako maji yamekuwa yakizalisha umeme wa migodi ya Likasi, huku Katanga, tangu miaka ya 1950, haambiwi kwamba taa haififii bure. Ikipungua mwanga, kuna chanzo: maji yameshuka, mashine imesimama, au kuna mahali umeme unavutwa zaidi. Jicho hilo hilo ndilo la kutazamia filamu za mweusi na mweupe za miaka ya 1940, zile ambamo mke anaanza kumwogopa anayelala naye kitanda kimoja. Kutisha si kipimo. Hata mlango uliobamizwa hutisha. Uliza kama kile kinachomtia mke hofu kina chanzo ndani ya nyumba, au kimebandikwa tu na mwongozaji.

Katika Gaslight ya George Cukor (1944), iliyompa Ingrid Bergman Oscar yake ya kwanza, Gregory huaga jioni na kutoka. Baada ya muda mwali wa gesi chumbani kwa mkewe Paula unanywea, kisha nyayo zinasikika darini. Paula anainua macho kwenye dari, anayarudisha kwenye taa, na hana wa kumuuliza. Hakuna uchawi hapo. Mumewe amezunguka nyuma, amepanda juu kutafuta vito vya shangazi yake Paula aliyeuawa, na taa anayoiwasha kule inapunguza gesi huku chini. Mwali unaomfanya mke ajione amerukwa na akili ndio huo huo unaomshtaki mume. Fundi hodari hafanyi kazi mara mbili.

Linganisha na Suspicion ya Hitchcock (1941). Cary Grant anapanda ngazi gizani na glasi ya maziwa yanayong'aa kupita kiasi, kwa kuwa Hitchcock alificha balbu ndani yake. Atatokea wa kusema: mng'ao ule ni hofu ya mke, si maziwa. Sawa, na tukio lenyewe ni zuri mno. Lakini filamu inaishia kumsafisha mume, ilhali katika riwaya ya Francis Iles iliyozaa hadithi hiyo yeye ni muuaji kweli, na mng'ao unabaki hauna mwenyewe. Kumbe tulitishwa na balbu.

Wengine watalalamika kwamba Gaslight inamwanika mhalifu mapema mno. Hao wanatafuta fumbo, na fumbo likishateguliwa limekwisha. Taharuki ya ndoa haiulizi ni nani. Inauliza kama Paula ataamini macho yake au maneno ya mumewe.

Pingamizi zito zaidi ni la kwetu. Ndoa ya Katanga ina wajomba, mashangazi, majirani wa ukuta mmoja. Mke gani atafungiwa hivyo bila mtu kubisha hodi? Swali hilo haliiangushi filamu, linatupa kipimo kingine: hesabu jinsi mashahidi wanavyoondolewa mmoja mmoja. Paula ni yatima. Jirani mdaku anazuiwa mlangoni kwa kisingizio cha ugonjwa. Nancy, mtumishi kijana, anamdharau bibi wa nyumba. Elizabeth, mpishi, ana huruma zote, ila masikio yake ni mazito: nyayo za darini hazisikii. Filamu dhaifu humpeleka mke kwenye jumba la msituni na kudhani upweke umekwisha kujengwa. Hii inaujenga katikati ya London, watu wakipita barabarani.

Ndiyo maana tukio la kuangaliwa kwa makini si la mume kukamatwa. Ni lile ambamo Cameron wa polisi ameketi na Paula, na mwali unanywea tena. Mgeni huyo anainua macho, anasema naye ameona. Tazama uso wa Bergman wakati huo.