Si Pande, ni Vipimo: Istilahi za Uchoraji wa Mabomba ya Viwandani

Katika tafsiri za maandishi ya kiufundi tumekutana mara nyingi na jozi ya "mchoro wa pande mbili" na "mchoro wa pande tatu". Jozi hiyo ni nyepesi kutamkwa, lakini kwa maoni yetu haifai katika usanifu wa mabomba ya viwandani.

Kwanza, mwanafunzi amefundishwa kwamba pembetatu ina pande tatu, na pembetatu ni umbo bapa. Kinachohesabiwa hapa si pande bali vipimo: urefu, upana na kimo.

Pili, na hili ndilo zito, upo mchoro wa isometriki, ambao kanuni zake zilielezwa na William Farish wa Cambridge mwaka 1822. Huo huonyesha mielekeo mitatu juu ya karatasi moja, mistari ya mielekeo ya mlalo ikiinamishwa kwa nyuzi 30. Fundi bomba huutegemea kujua viwiko, vali na mahali pa kulehemu. Hata hivyo ni mchoro bapa, na aghalabu hauchorwi kwa skeli. Urefu husomwa katika tarakimu zilizoandikwa. Fundi akiambiwa kuwa karatasi hiyo ni "ya pande tatu", anaweza kudhani inaonyesha umbo kamili, akaipima kwa rula na kukata bomba lisilofika. Hapo kosa la mtafsiri limekuwa hasara ya kiwanda.

Kitu chenye vipimo vitatu kwa kweli si mchoro. Zamani ofisi za usanifu zilijenga mifano midogo ya viwanda kwa plastiki. Leo mfano huo hujengwa ndani ya kompyuta, kwa vipimo halisi. Faida yake ni kubwa: bomba likigongana na boriti, kosa huonekana kabla chuma hakijakatwa, na orodha ya vifaa hutolewa humo humo. Lakini hudai programu za gharama, mafunzo marefu na takwimu nyingi; na takwimu moja ikikosewa, kosa huenea katika kila mchoro unaotokana nayo.

Kwa hiyo mchoro bapa haujapitwa na wakati. Mchoro wa mtiririko na vyombo vya udhibiti utabaki bapa, kwa kuwa hueleza mfuatano wa kazi, si mahali pa kitu. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa bomba la namna hiyo, njia na mwinuko wa ardhi huelezeka vyema kwa michoro bapa. Penye msongamano wa mabomba, kama katika mitambo ya kusafisha gesi, ndipo vipimo vitatu hulipa gharama zake.

Tunapendekeza basi "mchoro bapa", "mchoro wa isometriki" ukiwa aina yake mojawapo, na "modeli ya vipimo vitatu". Tulilifikiria neno "kielelezo", tukaliacha, kwa sababu vitabu hulitumia kwa picha yoyote yenye namba. Walimu wa ufundi na wahandisi wanaombwa kuyapima mapendekezo haya karakanani, kisha watuletee maoni yao.