Mkanda Haujakatika

Tangu kampuni ya Kodak ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, Januari 2012, yamekuwapo maombolezo mengi juu ya picha za filamu. Husemwa kwamba sanaa hii imekwisha kuzikwa, na kwamba wanaoendelea kununua mikanda wanakesha matanga ya marehemu asiyekuwa wao. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Kwamba viwanda vimeanguka, hapana anayebisha: AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005, Konica Minolta ya Japani ikaacha biashara ya kamera mwaka 2006, Polaroid ikatangaza mwaka 2008 kwamba haitatengeneza tena filamu zake za papo kwa papo, Nikon nayo ikaacha kuitengeneza kamera yake ya F6 mwaka 2020. Lakini mwenye duka akifilisika, chumvi haiishi baharini.

Hebu tuitazame historia ya kampuni yenyewe. George Eastman alipoitoa kamera ya kwanza ya Kodak mwaka 1888, ndani yake mlikuwa na mkanda wa picha 100. Mnunuzi kazi yake ilikuwa kubofya tu. Mkanda ulipojaa, aliipeleka kamera nzima Rochester, Marekani. Huko picha zikasafishwa, mkanda mpya ukatiwa, na kamera ikarudishwa kwa mwenyewe. Ahadi ya Eastman ilikuwa kumwondolea mtu kazi, na kwa zaidi ya miaka 100 bidhaa kubwa ya Kodak ilikuwa ni wepesi. Basi simu ya mkononi ilipokuja na wepesi uliopita huo, wateja waliokwisha kuzoezwa kupenda wepesi waliufuata. Kamera ya dijitali yenyewe ilizaliwa humo humo nyumbani, kwani mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliiunda ya kwanza mwaka 1975. Kampuni ilishindwa katika mashindano iliyoyaanzisha kwa mkono wake. Fundi wa chumba cha giza hakuwa mmoja wa washindani hao, wala hapana sababu ya kumhesabu miongoni mwa walioshindwa.

Na tumtazame fundi huyo. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alipewa kamera ndogo ya Kodak na ami yake mwaka 1935, naye akafungua studio yake mwaka 1948. (Kwa haki lazima tuseme: kiwanda hicho tunachokisema kilimfaa.) Baadaye alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu hizo zilikuwa ghali, kwa hiyo mteja mmoja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Nuru ilikuwa ya jua, na nyuma ya mteja ilitundikwa shuka au kitambaa cha maua. Ukizitazama picha hizo leo utaona kazi iliyofanyika kabla ya kubofya: kidole kimepangwa juu ya goti, shingo imeelekezwa, lemba limekazwa, na maua ya kitambaa yameingiliana na maua ya gauni hata jicho halijui nguo imekoma wapi. Umaskini wa filamu ndio uliomfundisha Keïta kutazama kwanza.

Mwenzake Malick Sidibé, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye aliifuata furaha ya vijana wa Bamako usiku baada ya uhuru. Ile picha yake ya mkesha wa Krismasi mwaka 1963, kijana na msichana wakicheza dansi, vichwa vyao vimekaribia kugusana, hatuoni kama yahitaji maelezo. Mwanafunzi na aitazame miguu ya hao wawili, atasikia ngoma. Sidibé alikuwa pia fundi wa kuzitengeneza kamera zilizoharibika, na studio yake ilijaa kamera kuukuu. Hilo kwetu lina uzito kuliko tuzo alizopewa Ulaya. Kamera ya chuma isiyotumia betri yaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena na mtu mwenye bisibisi na subira, hata kama aliyeiunda alikwisha kufunga kiwanda chake zamani.

Sisi tuliozoea kutunga mashairi hatushangai. Mkanda wa kawaida una picha 36. Mshairi wa bahari ya shairi ana mizani 16 katika mshororo; akizidisha, ameharibu. Asiyejua kazi huita hiyo minyororo. Lakini anayetunga ajua kwamba neno lisilopata nafasi katika mizani ndilo linalomlazimisha kutafuta lililo bora. Kilipotolewa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, walikuwapo waliohofu kwamba vina na mizani vimefikia mwisho wao. Mashairi huru yalipata wasomaji wake, na vina vikabaki na watungaji wake. Hatuoni kwa nini simu na filamu zishindwe kukaa hivyo.

Lakini tusiipambe filamu kwa sifa isiyo yake. Yuko asemaye kwamba filamu haidanganyi. Mtu huyo hajapata kumwona fundi wa studio akikaa na penseli iliyochongwa sana, akifuta makunyanzi ya bibi harusi juu ya negativu. Filamu hudanganya kama yadanganyavyo macho. Na bei yake imepanda, hata kijana wa shule hawezi kuishika kila wiki. Anayetaka picha ya kitambulisho na atumie simu.

Juu ya viwanda hatutasema mengi. Ilford ya Uingereza iliingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka 2004. Mwaka uliofuata mameneja wake wakaianzisha upya kwa jina la Harman, nayo ingali ikitengeneza mikanda ya nyeusi na nyeupe. Kule Enschede, Uholanzi, wafanyakazi wachache wa zamani wa Polaroid waliinusuru mitambo ya mwisho, wakalazimika kubuni upya dawa ambazo hapakuwa na mtu tena wa kuwauzia. Pentax nayo ilitoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024. Uhai huo ni mdogo, lakini ni uhai.

Furaha yetu, hata hivyo, ina shughuli ya kufanya hapa nyumbani. Studio ya Capital Art ilifunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za nyeusi na nyeupe ni sehemu ya kumbukumbu ya mji ule. Ngapi nyingine, za Tanga, za Mwanza, za Lamu, zilifungwa na masanduku yake ya negativu yakaachwa chini ya ngazi? Joto na unyevu wa pwani huiozesha filamu ya asetati, nayo ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Kuoza huko hakurudishwi nyuma. Baridi na ukavu hukuchelewesha tu. Mwalimu akipata sanduku la namna hiyo, azitoe negativu katika mifuko ya nailoni, azitie katika bahasha za karatasi, na kwa penseli aandike juu ya kila bahasha jina na mwaka, maadamu yupo mzee wa kuzitambua nyuso. Zenye harufu azitenge na nyingine, na hizo ndizo za kunakiliwa kwanza. Asiye na mtambo na aishikilie negativu mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, amwite mwanafunzi mwenye simu, aipige picha, kisha aigeuze weusi uwe weupe. Bibi aliyeketi studio miaka 60 iliyopita ataonekana amekaa vile vile, mkono juu ya goti.