Mnyororo, Mtandao na Matandazo: Uhakiki wa Istilahi za Maji Baridi

Miongoni mwa istilahi ambazo bado hazijapata makao katika Kiswahili ni zile zinazohusu maisha ya mito na vinamasi, yaani nani humla nani majini, na namna ya kuyaponya maji yaliyoharibika. Hatulalamikii uhaba wa maneno. Maneno yapo, tena mengi kupita kiasi. Wazo moja huitwa kwa majina matatu, na jina moja hubebeshwa mawazo mawili. Tumeona ni vyema kuyapima kwa kuwaweka mbele yetu wasomaji wa mahali pamoja, yaani Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, pamoja na jirani zao wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko mto Kagera hutambaa kuelekea kaskazini katika mpaka wa Rwanda, ukipita penye mafunjo na maziwa madogo, kisha hugeukia mashariki katika mpaka wa Uganda na kulielekea ziwa Victoria. Neno lisilofaa huko halibaki kuwa kosa la kitabuni. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, neno linaloingia katika sheria ndogo ya halmashauri ndilo atakalohukumiwa kwalo mkulima wa bondeni.

Tuanze na lililozoeleka kuliko yote: mnyororo wa chakula. Kwa maana yake yenyewe halina dosari. Mwani huliwa na mdudu, mdudu huliwa na samaki mdogo, mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huishia kinywani mwa fisi maji au mwa binadamu. Dosari huanza pale mtafsiri anapolitumia neno hilo hilo kwa ule mpango mpana ambamo kila kiumbe hula vingi na huliwa na vingi. Mnyororo una pete zinazofuatana. Pete moja ikikatika, kazi ya mnyororo imekwisha. Majini mambo hayaendi hivyo. Sangara, aliyepandikizwa katika ziwa Victoria miaka ya 1950, alikuwa amewafyeka furu wa aina nyingi ilipofika miaka ya 1980. Kwa hesabu ya mnyororo, naye alipaswa kufa njaa. Badala yake aligeukia uduvi, dagaa, na hata watoto wa sangara wenzake. Mwalimu mwenye neno moja tu hawezi kulieleza jambo hili bila kujipinga mwenyewe ubaoni.

Majina yanayoshindania nafasi hiyo ni utando wa chakula na mtandao wa chakula, yote mawili yakiwa ni wana wa kitenzi tanda. Utando unavutia, kwa kuwa unamleta buibui machoni petu. Lakini katika biolojia utando umekwisha kukabidhiwa ile ngozi nyembamba inayozunguka seli, na kwa maoni yetu ni afadhali neno moja litumike katika fani mbili mbalimbali kuliko kutumika kwa maana mbili ndani ya kitabu kimoja. Mtandao ni wa simu na wa mabomba pia, lakini hakuna mwanafunzi atakayedhani kambare amefungiwa simu. Twauchagua mtandao. (Wavu wa chakula tuuache, mvuvi atauliza unatega samaki gani.)

Kuna neno la tatu la ukoo huo wa tanda ambalo watafsiri hawajalitupia macho, nalo mkulima wa Karagwe hulitamka kila msimu: matandazo, yaani nyasi na majani makavu anayoyatandaza chini ya migomba ili yahifadhi unyevu na kuoza polepole. Katika vinamasi vya mafunjo sehemu kubwa ya chakula haitokani na majani mabichi yanayotafunwa yangali hai, bali na yaliyokufa, yakaanguka, yakaoza. Bakteria na kuvu huyashambulia, viluwiluwi vya wadudu hula masalia hayo, na samaki hula viluwiluwi. Masalia ndiyo matandazo ya mto. Sasa, yako maandishi yanayoyaita takataka, na hapo ndipo tunapopinga kwa nguvu. Takataka huzolewa. Kikundi cha kijiji kilichoambiwa kwamba kinamasi chao kimejaa takataka kitakwenda na majembe na reki kuzitoa, na kwa bidii hiyo hiyo kitakuwa kimekomba chungu cha chakula. Tunashauri istilahi iwe masalia, na mwalimu aieleze kwa mfano wa matandazo, wala asitafute mwingine.

Maji yenyewe yaitweje? Maji safi hayafai hata kidogo, kwani nchini kote zipo mamlaka za maji safi na usafi wa mazingira, na msomaji wa Kayanga akisoma juu ya kuponya mifumo ya maji safi atatazamia bomba. Maji baridi yamezoeleka kwa maafisa wa uvuvi. Ni kweli kwamba neno hilo linachekesha kidogo mbele ya chemchemi za moto za Mtagata, katika nchi iliyokuwa Karagwe ya kale, ambako maji yasiyo ya bahari yanatoka ardhini yakifuka mvuke. Hata hivyo desturi ina nguvu kuliko mantiki katika mambo haya. Yabaki maji baridi, na yaelezwe mara ya kwanza yanapotajwa kuwa ni maji yasiyo ya chumvi.

Mzozo mkubwa uko katika jina la ile kazi ya kuponya, ambayo Umoja wa Mataifa umeitengea muongo wa 2021 hadi 2030. Ukarabati ni neno la majengo. Lina fundi, bajeti na siku ya makabidhiano, na tunashuku kwamba hupendwa maofisini kwa sababu hujaza vizuri fomu ya matumizi. Kinamasi hakina fundi; mara nyingi mafunjo hurudi yenyewe iwapo maji yataachwa yapite na kilimo kitakaa nje ya zile mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Urejeshaji ni bora, ila unazusha swali: kurejesha hadi lini? Sato, ambaye wengi humdhania kuwa mwenyeji wa ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950 kama sangara. Mwenyeji ni ngege, ambaye sasa amesalia hasa katika baadhi ya maziwa madogo na mabwawa ya bonde hilo. Atakayeahidi kurejesha ziwa zima la kale anaahidi asichoweza kutimiza.

Wana misitu wamekwisha kuanza kutumia uongoaji. Kuongoa ni kukiweka katika njia ya sawa kilichopotoka, bila kudai kukirudisha siku fulani ya zamani. Wapo watakaosema lina harufu ya mimbari, na ni kweli; lakini hatuoni madhara. Kazi nzima iitwe uongoaji, na urejeshaji uwekewe kitu kinachotajika, kama vile urejeshaji wa ngege, au wa mkondo uliochepushwa.

Limesalia suala la majina ya viumbe, nalo ni la hatari kuliko linavyoonekana. Magugu maji, ambayo Kagera imeyapeleka ziwani kutoka Rwanda, yalidhibitiwa miaka ya 1990 kwa kuachilia fukusi wanaoyala. Karagwe fukusi ni adui wa migomba. Anayetangaza kwamba fukusi wameletwa bila kuongeza ni wa magugu maji atazua taharuki. Na kamongo, yule samaki wa vinamasi anayepumua hewa, kwa Kiganda huitwa emmamba. Orodha ya samaki ikivuka mpaka kutoka Uganda, mtafsiri mwenye haraka huandika mamba, na mla viluwiluwi na konokono akageuka kuwa mla watu. Kinyambo kina sarufi na msamiati uliochapishwa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo pa kuanzia papo. Tungependa orodha ya majina ya samaki wa Kagera iandaliwe kabla ya istilahi za nadharia, nayo isomwe kwa sauti mbele ya wavuvi kabla ya kupigwa chapa.