Ngoma ya Newala na Sikio la Mpigaji

Mtu atakaye kufahamu jinsi mwanamuziki anavyoweza kupiga muziki mkali kwa miaka mingi bila kupoteza usikivu wake hana haja ya kwenda kutafuta elimu hiyo mbali. Na aanzie Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, katika miezi ya kiangazi baada ya mavuno, ambapo wari wa jando na unyago hushangiliwa na ngoma hulia tangu jua kuchwa hata alfajiri. Hapo ataona vinganga vimechomekwa ardhini, na ngoma za likuti zikipigwa kwa viganja, na wachezaji wa ngoma ya sindimba wakizunguka kwa madaha. Na kando kidogo ataona moto, ambao wageni aghalabu hudhani kuwa ni wa kuota tu, kumbe una kazi katika muziki wenyewe. Nakusudia kuuchambua mpango huo wa uwanja, wapigaji na moto kwa jicho la fundi wa sauti, kwa kuwa naamini kwamba umelihifadhi sikio la mpigaji kuliko wengi wetu tunavyodhani, na kwamba muziki wa majukwaani ulipouacha haukuweka kingine mahali pake.

Tukitazame kwanza kinganga. Ni kigogo kilichochongwa na kutobolewa ndani, chenye ngozi iliyowambwa na kukazwa kwa vigingi vidogo vya mti, na chini kina mguu mmoja uliochongoka, ambao mpigaji huuchomeka mchangani kwa kuuinamisha kidogo, kisha husimama wima na kuipiga ngozi kwa vijiti viwili vyembamba na virefu. Sauti yake ni ya juu na kali, hupenya katikati ya mvumo wa ngoma kubwa na kusikika mbali. Lakini kule kusimama kwa mpigaji, na ule urefu wa vijiti, huacha baina ya ngozi na sikio masafa yasiyopuuzwa, nayo masafa ndiyo kinga ya kwanza ya sikio. Katika uwanja ulio wazi, usio na kuta wala dari, kila masafa yanapozidi mara mbili ukali wa sauti hupungua kwa desibeli 6. Tuchukulie, kwa mfano tu, ngoma inayotoa desibeli 100 kwa sikio lililo nusu mita kutoka kwenye ngozi: kwa mita moja zitakuwa 94, kwa mita mbili 88, na kwa mita nne 82.

Mtu aliyezoea kuhesabu shilingi huenda akaona tofauti hizo ni haba, lakini desibeli hazihesabiwi hivyo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, iliweka desibeli 85 kuwa kadiri ambayo mtu anaweza kukaa nayo saa 8 kwa siku, na ikapendekeza kwamba kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo ukatwe nusu. Basi penye 88 ni saa 4, penye 94 ni saa moja, na penye 100 ni dakika 15 tu. Hatua moja ya kurudi nyuma, ambayo mchezaji haioni kuwa ni kitu, humpa mpigaji saa nzima za usalama.

Sheria hiyohiyo ya masafa iliwahi kuonekana katika nchi hii kwa sura nyingine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, msomi wa mila kutoka Leipzig, alizuru Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo za wenyeji katika mitungi ya nta. Mashine za zama zile hazikuwa na umeme wala kikuza sauti, na mwimbaji alilazimika kusogeza kinywa karibu na pembe ya mashine ili sauti yake ipate nguvu ya kuchora nta. Chombo kile kilikuwa kizito wa kusikia, kikataka ukaribu. Sikio la mwanadamu ni jepesi mno wa kusikia, nalo lataka umbali.

Sasa nije kwenye moto, ambao kwangu ndio kiini cha jambo hili. Ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa usiku. Umande ukishuka, ngozi hulegea, sauti hushuka na kuwa butu, na mpigaji stadi hulitambua hilo kabla mchezaji yeyote hajalihisi. Hapo huichomoa ngoma yake, akaipeleka motoni, akaielekeza uso kwenye joto pasipo kuiunguza, akaigonga kwa kidole, akategesha sikio, akaigeuza, akaigonga tena, mpaka ngozi ikaze na sauti irudi mahali pake, ilhali mwenzake ameshika zamu uwanjani. Katika muda huo mpigaji yuko mbali na kishindo, akisikiliza sauti ndogo ya kidole juu ya ngozi, na masikio yake yanapata wasaa. Sidai kwamba wazee waliuwasha moto huo kwa ajili ya masikio. Waliuwasha kwa ajili ya ngozi. Wala haitakuwa insafu kuusifu bila kutaja upande wake wa pili, kwani ngozi iliyokazwa hutoa sauti kali zaidi, na sikio la binadamu, kwa umbo la tundu lake, huzikuza zaidi sauti za juu zinazokaribia mitetemo 3,000 kwa sekunde. Hata hivyo, ngoma ambayo kwa tabia yake humlazimisha mpigaji kuondoka kila baada ya kitambo imempa hisani ambayo hakuiomba.

Hisani hiyo ni kubwa kwa sababu ya jinsi sikio lilivyoumbwa. Ndani kabisa, katika mfereji uliojikunja mfano wa konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio, nazo zikifa hazioti tena. Mwenyezi Mungu ameliwekea sikio misuli midogo inayokaza vifupa vyake penye kishindo, lakini misuli hiyo huchelewa. Pigo la kijiti juu ya kinganga huwa limekwisha kupita kabla haijakaza barabara. Kwa hiyo mpigaji hana mlinzi ila masafa, muda na mapumziko. Ule mlio unaobaki masikioni baada ya mkesha, ambao vijana huuchukua kuwa dalili ya kwamba muziki ulikolea, ni malalamiko ya seli zilizochoka. Na mwaka 2009 wataalamu Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha katika panya kwamba hata usikivu unaporejea baada ya kelele kubwa, viungo baina ya seli hizo na mishipa ya fahamu huweza kuwa vimekwisha kupotea daima.

Sindimba ilipotolewa uwandani ikawa ngoma ya taifa zima, ikachezwa majukwaani na kufundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ilipata heshima iliyoistahili. Lakini ukumbi una kuta, na kuta hurudisha sauti, na ile sheria ya desibeli 6 hukoma kufanya kazi mara tu mwangwi unapoizidi nguvu sauti inayotoka kwenye ngozi. Hali ni nzito zaidi katika muziki wa dansi unaopigwa mijini Masasi na Newala msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu: dari ni bati, ngoma zina ngozi za plastiki zisizojua umande, kinanda hakilegei, na hakuna tena moto wa kumwita mpigaji kando. Mpiga gitaa hajisikii kwa sababu ya ngoma, akaongeza sauti. Mwimbaji hajisikii kwa sababu ya gitaa, akaomba spika ya miguuni iongezwe. Mpiga ngoma naye akazidisha nguvu za mikono. Na fundi mitambo, aliyekaa mbali, hupandisha yote ili hadhira isikie maneno. Kila mmoja ana udhuru wake, na wote huumia.

Dawa ya mashindano hayo ni mpangilio. Spika ya gitaa iliyowekwa sakafuni huyapigia magoti ya mpigaji, ndiyo maana huiongeza. Iinuliwe au iinamishwe nyuma ielekee uso wake, naye ataipunguza mwenyewe kwa ridhaa. Spika za hadhira zipandishwe juu ya vichwa, ili walio mbele, ambao mara nyingi ni watoto, wasipokee peke yao kile kilichokusudiwa kwa wote. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, limeweka wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, pamoja na mahali pa utulivu ambapo watu waweza kupumzisha masikio, na sioni sababu ya uwanja wa Newala kukosa mahali hapo, maana zamani ulikuwa nao kando ya moto.

Kuhusu vizibo vya masikio, pamba ya kawaida haisaidii kitu cha maana. Vizibo vya sponji husaidia, ila hupunguza sauti za juu kupita za chini, muziki ukawa kama unatoka chumba cha pili, na ndiyo sababu wanamuziki huvitupa. Tangu mwaka 1988 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani imetengeneza vizibo vinavyopunguza sauti zote kwa kadiri karibu moja, desibeli 15, na mfano huo umeigwa na wengine kwa bei nafuu zaidi. Aidha, mwanamuziki atibiwaye malaria kali kwa kwinini, au maradhi mengine kwa sindano za gentamisini, amweleze daktari kazi yake, kwa kuwa dawa hizo zaweza kulidhuru sikio, na siku hizo akae mbali na spika.

Basi nawaomba viongozi wa bendi na vikundi vya ngoma vya Masasi na Newala, kabla fedha za korosho za msimu ujao hazijaanza kuita muziki kila Jumamosi, wakae na mafundi mitambo wao, watie katika mapatano ya kila onyesho mapumziko ya robo saa ambapo mitambo yote huzimwa, na wamnunulie mpiga ngoma vizibo vyake kabla ya kununua spika nyingine.