Lise na mwavuli: gauni juani, uso kivulini

Lise na Mwavuli ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Auguste Renoir mwaka 1867, katika msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris. Kitambaa chake kina urefu wa sentimita 184, hivyo msichana aliyesimama humo anakaribia kimo chake halisi. Ni Lise Tréhot, wakati huo mwenye miaka 19, ambaye Renoir alimchora tena na tena kuanzia mwaka 1866 hadi 1872.

Mwaka huohuo wa 1867 Renoir alikuwa amempeleka Lise kwenye Saluni, onyesho rasmi la Paris, akiwa amemchora kama Diana, mungu wa uwindaji. Waamuzi waliikataa picha hiyo. Rangi yake ilikuwa nzito, sehemu nyingine ikiwa imepakwa kwa kisu kwa kumfuata mchoraji Courbet, na mwanga wake ulikuwa wa chumbani ingawa nyuma palikuwa na miti. Katika picha ya mwavuli, hadithi za miungu zimeachwa. Amebaki msichana, nguo yake na jua.

Desturi ya picha za watu ilitaka uso upate mwanga mwingi kuliko kitu kingine chochote. Renoir aliigeuza. Jua linawaka kwenye gauni jeupe la melimeli, na uso umo ndani ya kivuli cha mwavuli mdogo wa lesi nyeusi. Hata hivyo uso haupotei, na hapa ndipo ustadi ulipo. Mwavuli juu na mshipi mrefu kiunoni ni vyeusi kabisa. Jicho likishapima weusi huo, kivuli cha usoni huonekana chepesi, chenye damu na uhai. Weupe wa gauni nao si mtupu. Mikono inaonekana kupitia kitambaa chembamba, na mikunjo imeshika ukijani wa majani ya jirani. Mhakiki Théophile Thoré aliuona ukijani huo mapema na kuusifu. Kivuli hapa kina rangi, wala si mwanga uliotiwa masizi. Wazo hilo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya kazi za wachoraji Waimpreshonisti, miaka saba kabla ya onyesho lao la kwanza la 1874.

Mgawanyo huu unategemea jua la kulala. Fontainebleau iko zaidi ya digrii 48 kaskazini mwa Ikweta, na hata mwezi Juni jua la adhuhuri halipandi zaidi ya digrii 65 hivi. Mwanga unaokuja kwa ubavu hupita chini ya mwavuli na kulifikia gauni. Kakamega, nchini Kenya, karibu kabisa na Ikweta, mambo ni tofauti. Mwezi Machi au Septemba, mtu akisimama saa sita mchana mahali peupe katikati ya msitu wa Kakamega na mwavuli mkononi, kivuli kitamwangukia mabegani na kifuani na kukusanyika miguuni, na nguo haitawaka. Mchoraji wa huko angehitaji saa tatu asubuhi, kwa kuwa alasiri mara nyingi huleta mvua. Pale penye udongo mwekundu, pindo la nguo nyeupe lingepata wekundu kutoka chini, na kwenye ngozi nyeusi kivuli kingeonekana zaidi kwa mng'ao wa anga kwenye paji la uso na mashavu. Njia ni ileile ya Renoir. Majibu ndiyo yanayobadilika.

Sehemu ya nyuma imepakwa kwa haraka zaidi: shina la mti, majani bila kuhesabiwa, madoa ya mwanga ardhini. Utepe mwekundu wa kofia ndogo ndiyo rangi pekee kali, nayo imewekwa karibu na uso ili jicho lirudi kivulini.

Saluni iliipokea picha hiyo mwaka 1868. Mkusanyaji wa sanaa Karl Ernst Osthaus aliinunua mwaka 1901 kwa ajili ya jumba lake la makumbusho la Folkwang mjini Hagen, na tangu 1922 makumbusho hayo yako Essen, Ujerumani, pamoja na Lise.