Jina na Risasi: Kilele cha Sehemu ya Tatu ya La casa de papel

Katika La casa de papel, tamthilia ya televisheni ya Álex Pina iliyoanza kuonyeshwa Hispania mwaka 2017, wanyang'anyi huitana kwa majina ya miji. Profesa, kiongozi wao, aliwakataza kutajiana majina ya kweli wala kuulizana habari za maisha yao. Kipindi cha mwisho cha sehemu ya tatu (2019) chaonyesha jinsi kanuni hiyo ivunjikavyo.

Kundi limo ndani ya Benki ya Hispania. Mpelelezi Alicia Sierra amleta mbele ya benki mtoto wa Nairobi, mhusika mwenye jina la mji mkuu wa Kenya. Msimamizi wa uyeyushaji wa dhahabu ajongea dirishani akiwa mama, si Nairobi tena, na risasi ya mlenga shabaha yampata kifuani. Taharuki imo katika hatua zile chache: mtazamaji autambua mtego, wala hawezi kumlaumu anayeuendea.

Mlio mwingine ni wa hila. Profesa ausikia redioni, akaamini kwamba mpenziwe Raquel ameuawa. Nairobi alinaswa kwa jicho. Profesa anaswa kwa sikio. Aliyeitunga kanuni hakuweza kuifuata, kwani naye alipenda.

Kasoro imo katika usimulizi. Sauti ya Tokyo yatangaza kwamba sasa ni vita, ilhali dirisha lile lilikwisha kusema. Penye picha iliyotimia, maneno ya msimulizi huipunguza.