Nani Ahesabiwe Mteolojia? Neno juu ya Mpango wa Kanuni za Chama

Ndugu mapadri wachache wametuletea mpango wa kanuni za chama wanachotaka kukianzisha, chama cha wateolojia wakatoliki wa upande huu wa Kongo unaosema Kiswahili. Wametuomba tuusome na kutoa mawazo yetu katika gazeti hili bila kuficha. Tumeusoma mara mbili. Mara ya kwanza tulifurahi. Mara ya pili tulikaa kimya kidogo, na ni juu ya kimya hicho tunataka kusema.

Furaha kwanza. Waandishi wa mpango wanataka wenzao wakutane kila mwaka, kila mmoja alete somo aliloliandika, wengine walipime, na yaliyo mema yachapwe. Nani atakataa? Twajua sote namna padri anavyotoka Seminari Kubwa na sanduku la daftari, akapelekwa parokia ya mbali, na baada ya miaka kumi daftari zimeliwa na mchwa na kichwa chake pia kimeota kutu. Hana mwenzake wa kubishana naye juu ya neema au juu ya Kristolojia; ana bati za kanisa, pikipiki iliyoharibika, na watu wa kuzika. Chama kama hiki kingemsaidia sana. Sehemu zinazohusu mkutano, maktaba na uchapaji zimeandikwa vizuri, hatuna la kuongeza.

Shida iko katika kifungu cha nne. Kinasema kwamba mwanachama kamili atakuwa padri mwenye lisansi au udaktari wa teolojia. Mapadri wengine wataitwa wasikilizaji. Wasista, walei na makatekista hawatajwi, ila katika mstari mmoja wa mwisho, kwamba mkubwa wa chama aweza kuwaalika pale itakapofaa. Halafu kifungu cha saba kinaongeza kwamba masomo yote yataandikwa na kusomwa kwa Kifaransa. Vifungu hivi viwili vinashikana mkono, wala hatuwezi kukipima kimoja na kukiacha kingine.

Tuanze na jambo ambalo waandishi wenyewe wanalitaja kwa heshima katika utangulizi wao, yaani mabishano ya Lovanium. Fakulte ya Teolojia ilifunguliwa katika chuo kikuu kile mwaka 1957. Tarehe 29 Januari 1960, Tharcisse Tshibangu alisimama mbele ya waalimu wake akauliza kama yawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Afrika. Dekano wa Fakulte, Padri Alfred Vanneste, alimjibu kwamba kwanza tuwe na teolojia ya kweli, iliyo moja kwa Eklezya yote, ndipo mengine yafuate. Mabishano hayo yalichapwa mwaka ule ule katika «Revue du Clergé Africain», gazeti lililotoka katika seminari ya Mayidi, na mpaka leo hakuna anayeandika historia ya teolojia ya Afrika bila kuanzia pale.

Lakini Tshibangu alikuwa nani siku ile? Alikuwa mwanafunzi, mtoto wa Kipushi, mwenye miaka 26. Udaktari hakuwa nao bado. Kuwa mkubwa wa chuo kikuu kile, kuwa askofu msaidizi wa Kinshasa mwaka 1970, halafu askofu wa Mbujimayi, hayo yote yalikuwa mbele yake. Kwa kifungu cha nne cha mpango huu angekaa nyuma kati ya wasikilizaji, na swali lake lingerudi naye chumbani. Waandishi wanamsifu mtu ambaye kanuni zao zingemnyamazisha! Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Twafikiri hawakuliona tu.

Tena tuwe wenye haki kwa Padri Vanneste, maana wengi wetu tumezoea kumtaja kama adui. Hakumfunga mwanafunzi wake mdomo. Alimjibu kwa hoja, na maneno ya wote wawili yakachapwa pamoja, la mwanafunzi na la mwalimu, msomaji ahukumu. Miaka minane baadaye, katika Juma la Teolojia la Kinshasa la mwaka 1968, swali lile lile lilirudishwa mezani, na wote wawili walikuwapo.

Waandishi watatujibu kwamba vyama vikubwa vya nje vinafanya kama wao. Wametaja Chama cha Wateolojia Wakatoliki wa Marekani. Vema, tukitazame. Kilianzishwa mwaka 1946 mjini New York. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Padri Francis Connell, Mredemptoristi, mwalimu wa teolojia ya maadili. Mwanzoni kilikuwa chama cha mapadri, na sababu ilikuwa rahisi: teolojia ilifundishwa katika seminari, na waalimu wa seminari walikuwa mapadri. Sista au mlei hangepata hata pahali pa kujifunza, isipokuwa pachache. Mwaka 1943 Sista Madeleva Wolff alifungua shule ya teolojia kwa ajili ya wanawake katika chuo cha Saint Mary's, jimbo la Indiana. Walipotoka pale wenye udaktari mikononi, lile sharti la diploma walikuwa wamelitimiza, lakini walipaswa kungoja bado. Ni katikati ya miaka ya 1960, wakati wa Mtaguso, ndipo wanawake wa kwanza walipopokelewa. Mwaka 1977 Sista Agnes Cunningham akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza chama kile.

Hapo tuone vema: kumbe diploma haikuwa mlango wenyewe. Wanawake wale walikuwa nayo wakabaki nje. Mlango ulikuwa mazoea ya watu waliozoea kuonana wao kwa wao. Na hata kanuni ilipobadilika, kazi haikwisha. Mwaka 1978 wateolojia wakatoliki weusi wa Marekani walikutana Baltimore, wakaanza mkutano wao wenyewe, kwa kuwa maswali ya watu wao hayakupata nafasi ya kutosha kwingine. Profesa Shawn Copeland, mwanamke mweusi, alikuja kukiongoza chama kikubwa mwaka 2003, yaani miaka 57 baada ya kuanzishwa. Basi tukitaka kukifuata chama kile, tusikifuate katika ukurasa wake wa mwaka 1946, ambao wenyewe waliugeuza. Ni kweli kwamba huko udaktari umebaki njia ya kawaida ya kuwa mwanachama kamili. Lakini katika nchi ile vyuo ni vingi, na mlei anayetaka kujifunza teolojia ana pa kwenda. Kwetu, katekista wa kijijini atakwenda wapi?

Twaja sasa kwa makatekista, maana ni hapo mpango unatuuma zaidi.

Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya kijijini, tulikuwa na desturi ya kukutana na makatekista mara moja kwa mwezi. Siku moja mzee mmoja kati yao, ambaye shule yake iliishia darasa la sita, alituletea shida ya wakatekumeni wake. Katekisimu inasema: Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Kijana mmoja alimwuliza: «Mwalimu, mimi nina nafsi moja. Nikifa nafsi yangu inakwenda kwa Mungu. Je, Mungu ana nafsi tatu ndani yake kama mtu mwenye mioyo mitatu?» Mzee alitugeukia. Sisi tulikuwa na lisansi yetu, ndiyo. Tukafungua kinywa, na maneno yaliyokuja yalikuwa ya Kifaransa na ya Kilatini: «personne», «subsistentia», «relatio». Kwa Kiswahili hatukuwa na kitu. Tulisema kwamba ni fumbo, tukaendelea na hesabu ya ubatizo wa Pasaka.

Mwezi uliofuata mzee yule alirudi na jibu lake. Alisema: «Padri, nimewaambia hivi. Nafsi ni yule awezaye kusema Mimi na kuambiwa Wewe. Jiwe haliwezi. Mtoni Yordani Baba alisema: Wewe ni Mwanangu. Na Mwana alipokuwa akisali alisema: Baba, Wewe. Basi wako wanaoitana Wewe, lakini Mungu ni mmoja, maana hakuna alicho nacho Baba ambacho Mwana hana.» Tukamwuliza: «Na Roho Mtakatifu, nani anamwita Wewe?» Alifikiri sana. Halafu akasema: «Hapo nimeshindwa, Padri. Hapo mnisaidie ninyi.»

Hatujasahau neno lile. Mzee alikuwa amefika peke yake karibu kabisa na yale ambayo Agostino, Mwafrika wa Hippo, aliyatafuta katika vitabu kumi na vitano juu ya Utatu; na Agostino mwenyewe alikiri kwamba tunasema «persona tatu» ili tusinyamaze tu, wala si kwa kuwa neno lenyewe latosha. Lakini mzee alisimama pahali ambapo asiyesoma hawezi kupita bila msaada, na sisi tuliosoma tulikuwa tumesimama nyuma yake, hatukufika hata pale. Nani kati yetu alikuwa mteolojia siku ile? Twafikiri jibu la kweli ni kwamba teolojia ilikuwa kati yetu wawili, na kama mmoja angefukuzwa isingekuwapo. Kifungu cha nne kinamfukuza mmoja. Kifungu cha saba kingemfukuza hata kama cha nne kingemwacha, kwa sababu jibu lile halikuzaliwa kwa Kifaransa. Lilizaliwa katika Mimi na Wewe ya Kiswahili.

Twajua hofu ya waandishi, wala si hofu ya bure. Nchi yetu imejaa wahubiri waliojipa wenyewe jina la mtume na nabii. Na ndani ya Eklezya yenyewe tuna kumbukumbu ya Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko, hakuwa profesa. Alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu mjini Elisabethville mwaka 1945, halafu, katika miaka ya 1950, akafundisha pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao kule Kolwezi. Mafundisho yale yalisemwa kwa Kiswahili, na watu wasio na diploma waliyatoa wao kwa wao, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Yalikuwa na utajiri ambao vyuo vyetu havijamaliza kuuchimba. Lakini baadaye vikundi vingine vilipotoka njia, na maaskofu walipaswa kuingilia na kuweka masharti. Basi anayesema kwamba mafundisho yahitaji kupimwa na watu waliosoma, anasema kweli, nasi twasema naye.

Lakini kupima ni jambo moja, kufunga mlango ni jingine. Mafundisho ya Jamaa yangepimwa mapema na kwa upole zaidi kama wateolojia wangekaa chumba kimoja na wale waliofundisha. Asiyeingia ndani hapimwi. Atasema maneno yake nje, gizani, na sisi tutayasikia wakati ambapo yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo hofu hii, tukiifuata mpaka mwisho, yatuamuru kufungua.

Tena mpango unabaki nyuma ya Eklezya yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika «Gaudium et spes» namba 62, ulitamani walei wengi wapate elimu ya kutosha ya mambo matakatifu, na wengine kati yao wajitoe kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka huduma rasmi ya Katekista. Mpango wetu unampa katekista kiti karibu na mlango, tena pale itakapofaa. Na tarehe 1 Novemba 2023 Papa huyo huyo alipotoa kanuni mpya za Akademia ya Kipapa ya Teolojia, akademia iliyokuwapo tangu mwaka 1718, aliitaka teolojia itoke nje, iongee na elimu nyingine na na maisha ya watu mahali wanapoishi. Chama chenye miaka mia tatu kinaambiwa kitoke nje, na chetu, ambacho hakijazaliwa, kinajifungia!

Tumewaandikia ndugu zetu mambo matatu wayaweke badala ya yale. La kwanza: mtu apokelewe kwa kazi. Alete somo moja aliloliandika, au aliloliandikisha kwa mkono wa mwingine kama si mwandishi, na wanachama wawili walipime. Mwenye lisansi naye alete. Karatasi ya miaka ishirini iliyopita isimtoshe. (Tumeambiwa kwamba neno hili limewachukiza wengine. Tulilitazamia.) La pili: masomo yapokelewe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na la Kiswahili lisifanyiwe tafsiri kama sharti la kusomwa. La tatu: kila somo la asiyesoma chuoni lipewe msomi mmoja wa kulisindikiza, atakayetafuta katika Mababa na katika Mitaguso yale ambayo mwandishi hawezi kuyafikia, na majina yao wawili yachapwe pamoja, kama yale mawili yalivyochapwa Mayidi.

Juu ya mchango wa mwaka hatukusema mengi. Umewekwa kwa dola, na kiasi chake padri wa mjini ataweza. Tumeomba tu kwamba makatekista na wanafunzi wa seminari waruhusiwe kutoa walicho nacho.

Ndugu zetu watakutana tena baada ya Pasaka kusoma kifungu cha nne upya. Wametukaribisha, nasi tumeomba ruhusa ya kufika na mtu wa pili. Ni mzee sasa na barabara ni mbaya, lakini ametuambia kwamba bado anatafuta nani anayemwita Roho Mtakatifu Wewe, na kwamba amepata kitu katika sala tunayoimba siku ya Pentekoste.